Kilichokuwa Ndani ya Hamira

Jumanne moja ya Machi 2005, saa mbili asubuhi, Edah Wabwile alifungua kabati la joto katika maabara ndogo iliyokuwa upande wa Kibomet, mjini Kitale. Alitoa sahani nne za plastiki, akazimwagia iodini, akasubiri. Alikuwa amefanya hivyo asubuhi nyingi kabla ya hiyo, na kila mara sahani ziligeuka nyeusi tititi kutoka ukingo hadi ukingo, kwa sababu iodini ikikutana na wanga hugeuka rangi ya wino. Weusi ule ulimwambia jambo moja tu, kwamba wanga bado upo wote, hakuna kilichoula. Siku hiyo sahani ya tatu ilikuwa na mabaka. Baadhi ya madoa ya hamira yaliyoota juu yake yalizungukwa na pete angavu, kama vile mtu amelamba wino kwa ncha ya ulimi.

Aliketi kwanza. Kisha akasimama, akaenda kumwita Daktari Kibiwott.

Kwa miaka mitatu wawili hao walikuwa wakifanya kazi juu ya jambo moja. Kibiwott alizaliwa katika nyumba ya wakulima wa mahindi, na tangu utotoni alizoea kuona mahindi yaliyonyeshewa yakioza uani, yasifae kwa ugali wala kwa kuku. Alitaka mahindi hayo yageuzwe kuwa spiriti ya kusafishia vidonda na ya kuwasha majiko. Shida ilikuwa kwamba hamira, ile ile ya kuumulia mkate, hula sukari lakini haiwezi kula wanga. Wanga ni sukari iliyofungwa kwa minyororo, na hamira haina meno ya kuikata. Kinachoikata ni kimeng'enya, na kimeng'enya hicho huuzwa na viwanda vya ng'ambo. Lakini kuna bakteria wa udongoni wanaojitengenezea wenyewe. Wazo la Kibiwott lilikuwa kuchukua jeni ya bakteria hao, ile inayotoa maagizo ya kutengeneza kimeng'enya, na kuipandikiza ndani ya hamira, ili hamira ijikatie minyororo yenyewe.

Bakteria waliowatumia walitoka Misikhu, wilaya ya Bungoma, kwa mama yake Edah. Edah mwenyewe alikuwa amechota kijiko cha udongo nyuma ya jiko, mahali ambapo maji ya mihogo yalimwagwa kwa miaka mingi, akaubeba hadi Kitale katika chupa ya dawa ya kikohozi.

Kibiwott aliinua sahani ya tatu hadi kwenye dirisha. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye mazoea ya kukunja mikono ya shati hata kukiwa na baridi.

"Edah."

"Ndiyo, Daktari."

"Nimeongea juu ya hii kitu miaka minane. Watu walikuwa wanaanza kunionea huruma."

Akaiweka sahani mezani taratibu kama yai. Kabla ya saa sita alikuwa amepiga simu kwa watu waliofadhili mradi, na kwa wawakilishi wa wakulima. Wangekuja kujionea, Jumatatu, baada ya wiki tatu.

Wiki mbili za kwanza Edah alitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alipiga picha za sahani, akaandika maelezo, akaandaa sahani nyingine na kupata pete nyingine. Ni wakati wa kuchagua picha ndipo alipoanza kuyahesabu madoa. Yalikuwa arobaini na sita. Yenye pete yalikuwa kumi na matatu. Na hali yote arobaini na sita yalitokana na seli moja, ukoo mmoja, jeni moja. Kama moja lina kimeng'enya, mbona ndugu zake hawana?

Alimuuliza Kibiwott. Akajibu kwamba hamira nyingine huipoteza jeni njiani, ni jambo la kawaida. Ni kweli, hutokea. Edah alilikubali jibu hilo upesi kuliko kawaida yake, na alijua kwamba amelikubali kwa sababu alikuwa akilitaka.

Alhamisi kabla ya wageni kuja, alichukua doa moja lenye pete kwa ncha ya sindano, akalipaka kwenye kioo chenye tone la maji, akaliweka chini ya hadubini. Seli za hamira zilikuwepo, nono, za mviringo, nyingine zikichipua vitoto ubavuni. Katikati yake palikuwa na vijiti. Vingine vilikuwa vimetulia, vingine vilipita vikitikisika. Edah hakuhitaji mtu wa kumwambia ni nini. Alivijua kama unavyomjua jirani kwa mwendo wake. Walikuwa bakteria wa Misikhu wenyewe.

Akaangalia doa la pili lenye pete, na la tatu, hadi matano. Yote yalikuwa na vijiti. Akaangalia matano yasiyo na pete. Yote yalikuwa safi.

Basi si hamira iliyokula wanga. Bakteria walikuwa wameingia katika chupa ya hamira, na kazi iliyoonekana kwenye sahani ilikuwa yao, ile ile waliyokuwa wakiifanya nyuma ya jiko la mama yake. Bakteria wa aina hiyo wakibanwa hujifunga ndani ya ganda gumu, na ganda hilo linaweza kuchemshwa na bado mwenyewe akatoka mzima. Kwa sababu hiyo sahani huwekwa dawa ya kuzuia bakteria. Chupa ya dawa aliyoitumia Edah ilikuwa imepitwa na wakati kwa miezi saba. Mpya ilikuwa imeagizwa Nairobi na haikuwa imefika. Aliisoma tarehe siku ya kuandaa sahani, akasema itafaa, akafunga kifuniko.

Alimkuta Kibiwott ofisini akifanyia mazoezi hotuba ya Jumatatu, akiukabili mlango wa kabati.

"Ni vijiti, Daktari."

Hakuuliza vijiti gani. Alimfuata hadi kwenye hadubini, akaangalia kwa muda mrefu, akisogeza kioo huku na huku.

"Zote?"

"Zile tano ziko na pete, ziko na vijiti. Zile hazina, ziko safi. Dawa ilikuwa ya zamani. Ni mimi niliitumia."

Kibiwott alivua miwani akaifuta kwa shati. "Na hamira yenyewe?"

"Sijui. Pengine inafanya kazi. Pengine haifanyi."

"Kwa hivyo husemi kwamba haifanyi."

"Hapana. Nasema sijui."

"Basi sikiza," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Hawa watu wanakuja Jumatatu. Waone kile walikuja kuona, warudi. Sisi tusafishe kila kitu, tuanze tena polepole. Tukipata, hakuna mtu tumedanganya. Tumetangulia tu kidogo."

Edah alikitoa kioo chini ya hadubini. Kibiwott hakuwa mwongo, hilo alilijua vizuri. Aliwahi kumwona akirarua ukurasa mzima wa ripoti kwa sababu ya nambari moja aliyoitilia shaka. Lakini alikuwa amechoka kuonewa huruma, na uchovu wa namna hiyo humfanya mtu asimame mahali ambapo hakuwahi kukusudia kusimama.

Jumamosi Edah alikwenda Misikhu. Mama yake, Wilkista, alikuwa uani akipepeta karanga za kupeleka sokoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mkakamavu, aliyekuwa mjane tangu Edah akiwa darasa la tatu. Edah alivua viatu, akachukua ungo wa pili, na kwa muda walipepeta bila kusema neno zaidi ya salamu za nyumbani. Kisha, kwa Kibukusu, akamsimulia yote, kuanzia pete hadi vijiti.

"Huyo mdudu uliyemtoa kwangu," Wilkista alisema, "ndiye amekuharibia?"

"Ndiye. Ila kosa ni langu."

"Na sasa unataka nini?"

"Nataka kitu ninachokijua. Kitu ninachojua kabisa kwamba kinakata wanga, nikiweke kando ya hamira yangu nilinganishe. Nilikuwa nafikiria kimea."

Ungo wa Wilkista ulisimama.

Kimea ni wimbi, yaani ulezi, lililoloweshwa, likachipuzwa, likakaushwa tayari kwa kusagwa. Wimbi linapochipua hujitengenezea kimeng'enya chake lenyewe, ndiyo maana ukilitia kwenye uji wa mahindi uji huanza kuwa na utamu, na ukiuacha huwa busaa, pombe ya kienyeji iliyokatazwa. Kwa miaka tisa Wilkista alikuwa ametengeneza kimea bora kuliko wote kati ya Misikhu na Webuye. Watu wa arusi na wa matanga walitembea mbali kumfuata. Busaa hiyo ndiyo iliyomsomesha Edah, ikamnunulia godoro la shule ya bweni Bungoma. Kisha, mwaka 1991, Wilkista aliokoka. Jumapili moja alisimama mbele ya kanisa lote akasema kwamba kila kitu alichokipata kwa kimea kilikuwa uchafu. Edah alikuwa na miaka kumi na mitano, ameketi safu ya nne, na miguuni alikuwa na viatu vipya. Aliviangalia mpaka ibada ilipokwisha.

Hawakuwa wamewahi kulizungumzia jambo hilo.

"Niliahidi sitaloweka wimbi tena," Wilkista alisema.

"Si ya pombe, mama."

"Wimbi haijui ni ya nini."

Kuku walikuwa wamesogea, wakidonoa maganda. Edah aliwafukuza kwa mguu. Kisha akauliza swali ambalo hakuwa amekuja kuliuliza.

"Siku ile kanisani, ulijisikiaje?"

Wilkista aliuweka ungo chini. Akautazama mkono wake uliojaa vumbi la karanga.

"Niliogopa. Halafu nilipomaliza watu wakalia, wakaimba, nikaona ni vizuri." Akapangusa vumbi mkononi. "Lakini nitakwambia kitu, na usimwambie Khisa." Khisa alikuwa kaka yake Edah, mzee wa kanisa. "Siku ile nilisema zaidi ya kweli. Kweli ilikuwa kwamba nimechoka na walevi, nimechoka kukimbia askari, na nataka kuacha. Hiyo ingetosha. Lakini watu wanakuangalia, wanangoja kitu kikubwa, nikasema yote ni uchafu. Haikuwa yote. Niliipenda ile kazi. Nilijua kuionja kimea nikakwambia imechipua siku ngapi. Na wewe ulikuwa pale umekaa na viatu vyako. Nilikuona."

Edah aliitazama miguu yake isiyo na viatu.

"Tangu hapo nimejua," Wilkista aliendelea, "mtu akisimama mbele ya watu, kazi si kusema tu. Kazi ni kusema kiasi kile kile. Ukipunguza ni uongo, ukiongeza pia ni uongo, hata kama wanakupigia makofi."

Akauchukua ungo wake tena. Suala la kimea hakulitaja tena mchana huo, na Edah hakumsukuma.

Wageni walikuwa watano. Wanne walikuwa wa shirika lililofadhili mradi, wamevaa suti za Nairobi. Wa tano alikuwa mama wa makamo kutoka Endebess, jina lake Chepkirui, aliyelima ekari kumi na mbili za mahindi na kuwakilisha wakulima wenzake. Aliingia maabara akiwa amevua buti mlangoni, ikabidi aombwe azivae tena.

Kibiwott alieleza juu ya wanga, minyororo na kimeng'enya, na alieleza vizuri. Alipofika kwenye sahani sauti yake ilipungua kasi. Alizionyesha. Mgeni mmoja akapiga picha. Edah alisimama nyuma ya meza, mikono ndani ya mifuko ya koti jeupe, akijua kwamba kila dakika anayonyamaza inamfunga zaidi.

Chepkirui aliinama juu ya sahani, akaikaribia mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kifuniko.

"Sasa mimi ni mtu wa shamba tu," alisema. "Lakini mbegu ya pakiti moja nikipanda, ikiota hapa na huku isiote, si nauliza? Hii moja iko na duara. Hii ya karibu haina. Na mmesema ni ndugu. Kwa nini?"

Kibiwott alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akamgeukia Edah. Baadaye Edah alijiuliza mara nyingi macho yale yalimwomba nini, anyamaze au aseme. Huenda Kibiwott mwenyewe hakujua.

"Kwa sababu duara si la hamira," Edah alisema.

Alitoa mikono mifukoni. Aliwaambia kwamba bakteria waliingia kwenye chupa, na kwamba wanga uliokwisha umeliwa na bakteria hao. Aliwaambia juu ya dawa iliyopitwa na wakati na kwamba aliiona tarehe. Aliwaonyesha vijiti chini ya hadubini, mmoja baada ya mwingine.

"Kwa hivyo mradi umeshindwa," alisema mmoja wa wale wa suti.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu zaidi, kwa maana ingekuwa rahisi kusema ndiyo na kuinamisha kichwa.

"Hatujui," Edah alijibu. "Jeni imo ndani ya hamira, hilo tumelihakikisha. Kama inafanya kazi, hatujui. Tunachojua ni kwamba sahani hizi haziwezi kutuambia."

Waliondoka kabla ya chakula cha mchana kilichokuwa kimeandaliwa. Chepkirui peke yake alikaa, akala, akasema wali ulikuwa mzuri.

Shirika halikuandika barua ya hasira. Liliandika barua fupi kwamba awamu ya pili itaangaliwa upya, na mwezi wa saba wasaidizi wawili wa maabara wakaachishwa kazi. Kibiwott hakumkemea Edah hata mara moja. Alimpa salamu kila asubuhi, akaingia ofisini, akafunga mlango. Kwa miezi minne na zaidi walifanya kazi katika jengo moja kama watu waliofiwa na mtu mmoja kila mtu kivyake. Edah alisafisha. Alimwaga kila chupa, akahamishia bakteria kwenye chumba kingine chenye kufuli yake, akaanza hamira upya kutoka kwenye akiba iliyogandishwa. Sahani mpya, zenye dawa mpya, zilitoka nyeusi tititi. Hakuna pete hata moja.

Mwisho wa Agosti mlinzi alikuja kumwambia kuna mama mgeni langoni. Wilkista alikuwa amesimama hapo na kikapu, amevaa gauni lake la kanisa. Hakuwahi kufika mahali Edah alipofanya kazi. Ndani ya kikapu palikuwa na kimea kilo moja hivi, kimefungwa kwenye karatasi ya unga.

"Nilimwambia mchungaji kwanza," alisema. "Alifikiria sana. Akasema kama ni ya hospitali ni sawa. Nikamwambia si ya hospitali kabisa, ni ya kulinganisha. Akasema haelewi, niende tu."

Edah alimvisha koti jeupe lililomfikia vifundoni. Alichukua kijiko cha kimea kizima, ambacho hakijasagwa, akakitia kwenye maji.

"Hivyo haitafanya kitu," Wilkista alisema, akichungulia. "Ukiloweka nzima nzima unakaa tu kungoja. Lazima usage. Ile kitu iko ndani ya punje, haitoki yenyewe."

Edah alishika kijiko hewani, hakukishusha. Kusema kweli ni jambo alilopaswa kulifikiria mwenyewe. Liko kwenye vitabu, na aliwahi hata kulijibu kwenye mtihani wa chuo kikuu. Lakini kwa miezi mingi alikuwa akitazama sahani tu, akitafuta kile ambacho hamira imetoa nje, na hakuwahi kuuliza imebaki na nini ndani.

Walisaga kimea kwanza. Edah aliyachuja maji yake, akatia matone kumi kwenye neli ya kioo yenye uji wa wanga uliotiwa iodini, wa buluu ya usiku. Wilkista aliinama, mikono magotini. Buluu ikawa zambarau, zambarau ikawa nyekundu iliyofifia, kisha maji yakabaki na rangi ya chai nyepesi.

Wilkista aliiinua neli hadi kwenye mwanga wa dirisha.

"Kwa hivyo ndiyo hii," alisema. "Miaka yote hiyo nilikuwa naionja tu. Sikuwahi kuiona."

Alilala kwa Edah siku mbili, akarudi Misikhu na koti la mvua la zawadi. Siku iliyofuata Edah alichukua hamira yenye jeni, akaitia kwenye chupa ndogo pamoja na shanga za kioo ndogo kama mchanga, akaitikisa kwa nguvu mpaka seli zikapasuka. Hamira ya kawaida, isiyo na jeni, aliifanyia vivyo hivyo. Akachuja zote mbili. Akapanga neli: ya kimea, ya hamira ya kawaida, ya hamira yenye jeni, na ya maji matupu.

Neli ya kimea ilifunguka rangi kwa dakika chache. Ya hamira ya kawaida na ya maji zilibaki buluu. Ya hamira yenye jeni nayo ilibaki buluu dakika kumi, dakika ishirini. Edah alikwenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu. Aliporudi ilikuwa zambarau. Baada ya saa moja ilikuwa na rangi ya chai.

Hakukimbia kumwita mtu. Aliiangalia hamira chini ya hadubini, matone ishirini, akitafuta kijiti kimoja. Akarudia jaribio lote Jumatano, akarudia Ijumaa. Ndipo akabisha mlango wa Kibiwott.

Kibiwott alikuja, akaangalia neli, kisha akavuta kiti hadi kwenye hadubini na kukaa hapo karibu saa nzima akitafuta vijiti mwenyewe. Edah hakuudhika. Alingoja.

"Hakuna," alisema, bila kuinua kichwa.

"Hakuna."

"Imekuwa ikitengeneza siku hizi zote. Imeshikilia tu ndani."

"Ndiyo, Daktari."

Akainua kichwa. Macho yalikuwa mekundu, pengine kwa sababu ya kioo. "Siku ile," alisema, "nilifungua mdomo nimjibu yule mama. Jibu lilikuwa tayari. Ile ya jeni kupotea njiani. Lilikuwa limefika hapa." Akagusa koo. "Sijui ni nini kililizuia. Nimekaa miezi yote hii nikijiuliza, na sina jibu la kujisifu nalo."

"Mimi dawa niliona tarehe," Edah alisema.

Asubuhi iliyofuata Kibiwott aliuacha mlango wa ofisi yake wazi.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kuifundisha hamira kutoa nje kile ilichokuwa nacho. Hamira ina protini zake ambazo huzitoa nje kila siku, na kila moja hutangulizwa na kipande kifupi kinachofanya kazi ya kibali cha kupita mlangoni. Kimeng'enya cha bakteria kilikuwa na kibali cha kibakteria, na hamira haikuweza kukisoma. Kibiwott alimwandikia Gicheru, mwenzake wa zamani aliyekuwa na maabara Nairobi, akamwomba jeni ya kibali cha hamira yenyewe. Ilikuja kwa posta, tone lililokaushwa juu ya kipande cha karatasi na kuzungushiwa duara la kalamu ya risasi, ndani ya bahasha ya kawaida. Edah aliikata karatasi, akailoweka, akaanza kuunganisha.

Ilichukua zaidi ya mwaka mmoja. Mara mbili jeni iliungana ikiwa imegeuka kichwa chini. Mara moja umeme ulipotea siku tatu, barafu ya friji ikayeyuka, wakarudi nyuma miezi miwili. Shirika lilikuwa limekwisha kuwasahau, nao walijikimu kwa kupima unyevu wa mahindi ya wafanyabiashara, kazi ambayo Kibiwott aliidharau na kuifanya kwa uangalifu mkubwa.

Novemba 2006 sahani zilitoka na pete kwenye kila doa, hamsini na mbili kwa hamsini na mbili. Zilikuwa nyembamba, nusu ya zile za kwanza. Hadubini haikuonyesha kijiti. Kibiwott aliandika nambari hizo kwenye daftari, akatia sahihi, akamsukumia Edah naye atie ya kwake.

Mwezi uliofuata, kamati inayosimamia viumbe vilivyopandikizwa jeni ikiwa imewaruhusu, walijaza pipa la lita ishirini ndani ya maabara, uji wa mahindi yaliyonyeshewa yakaingia ukungu, wakatia hamira, wakafunga. Hawakuita watu wa Nairobi. Kibiwott alikuwa amempigia simu Chepkirui peke yake, naye akaja na gunia la mahindi yake mabovu, ndiyo hayo yaliyotiwa pipani, akisema asionyeshwe kitu kilichofanywa kwa mahindi ya mtu mwingine.

Siku ya tano walipima. Palikuwa na pombe, si nyingi, ila palikuwa nayo, na wanga ulikuwa umepungua zaidi ya nusu. Chepkirui alisikiliza nambari, akaitikia kwa kichwa taratibu, akachungulia ndani ya pipa kwenye machicha mazito yaliyotulia chini.

"Na hii inabaki huku," alisema, "ng'ombe atakula?"

Edah na Kibiwott walitazamana.

"Kuna ukungu," Edah alisema. "Sumu ya ukungu haitolewi na hamira. Pengine iko humo bado. Na hamira yenyewe ina jeni, haiwezi kutoka nje ya jengo hili. Ng'ombe hapana, mama. Si sasa."

"Sawa," Chepkirui alisema. Hakuonekana kuvunjika moyo. "Na mkiiua hamira kwanza, kwa moto? Na sumu mkapima?"

Kibiwott alikuwa tayari amefungua daftari ukurasa mpya. Alimvutia Chepkirui kiti, akamwomba arudie swali lake taratibu, neno kwa neno, ili aliandike kama alivyoliuliza.